Kuni za Mkwe

Wako watu wanaojulikana kwa mali, na wako wanaojulikana kwa watoto waliosoma. Faustina alijulikana kwa kuni. Katika vijiji vya juu ya Mafinga, ambako baridi haina adabu, mwanamke haendi msibani mikono mitupu. Hubeba unga, hubeba maharage akijaliwa, na kichwani hubeba mzigo wa kuni. Unga ukishamiminwa kwenye gunia la pamoja hakuna tena anayejua ulikuwa wa nani. Kuni ni jambo jingine. Kuni hutuliwa uwanjani mbele ya wanawake wote wa jumuiya, na zikigusa ardhi hutoa mlio. Kwa mlio huo Faustina alikuwa amewafundisha wenzake, miaka nenda miaka rudi, jinsi marehemu anavyopaswa kupendwa.

Hakubeba kuni za hovyo. Paini, alisema, huwaka kama karatasi na kuacha masizi kwenye sufuria za watu. Mlingoti, huo mkaratusi, hurusha cheche na kutoboa khanga. Mti wa kumpa mtu heshima ya mwisho ni msaula, mti wa asili, mgumu, wenye moto wa taratibu unaoivisha maharage bila kelele. Alichanja mwenyewe, akafunga kwa kamba ya magome, akapanga ncha zote zikalingana. Mama mmoja alipofika msibani na vijiti vitatu vya mlingoti, Faustina alimpa pole mfiwa, kisha akageuka akampa pole na mwenye vijiti.

Mara moja tu alishindwa, na alishindiwa nyumbani kwake. Mume wake Aroni alipofariki, mkwe wake alikuja kutoka Uyole, Mbeya. Huyo ni Bibi Tusajigwe, mama mzazi wa Andendekisye, na Andendekisye ndiye aliyemwoa Damari, binti pekee wa Faustina. Bibi Tusajigwe alifika na pikapu, na nyuma ya pikapu mlikuwa na kuni. Kutoa kuni Mbeya kuzileta huku Mufindi ni sawa na kupeleka mchele Kyela unakolimwa, lakini yeye alizishusha bila haya, vigogo vinene kama mapaja, akasema kama desturi inavyodai, "Ni vijiti tu, mkwe wangu, msivitazame." Watu wakavitazama. Wakavitazama hadi jioni, na Faustina siku ile alilia kwa mambo mawili.

Kinyongo hakikukaa, maana Bibi Tusajigwe alikuwa mtu mgumu kumchukia. Damari alipojifungua, Faustina alikwenda Uyole kulea uzazi, na huko akaujua mkuyu wa mkwe wake. Ulisimama mbele ya nyumba, kando ya barabara kuu ya kwenda Zambia, na chini yake Damari alikuwa na banda lake la chai na maandazi. Madereva wa malori walisimama pale kwa sababu ya kivuli, wakadai kwamba ni kwa sababu ya maandazi. Mfanyabiashara mmoja alikuja mara kadhaa akitaka kiwanja ajenge kituo cha mafuta, kwa sharti kwamba mti ukatwe kwanza. Bibi Tusajigwe alimnywesha chai akamwambia kwamba kivuli kile si chake, ni cha mkwe wake Damari, na yeye hauzi mali ya watu. Faustina aliyasikia hayo kwa masikio yake mwenyewe. Mama mkwe anayempenda mke wa mwanawe kiasi hicho hata kwenye mahubiri hatajwi mara nyingi, na tangu siku ile Faustina aliuombea ule mkuyu kama anavyowaombea watu wa ukoo.

Halafu akaja mdudu.

Alianza na misaula ya bondeni. Vilele vilikauka, mmoja hapa, mitatu kule, na kwenye mashina vikaonekana vitobo vidogo kama vilivyochomwa kwa ncha ya kalamu, vikitoa unga mweupe. Kijiji hakikuhuzunika. Msaula mkavu kwa watu wa pale haukuwa mti mgonjwa, ulikuwa kuni zilizosimama zikingoja shoka, na Faustina alikuwa wa kwanza kuzisikia zikimwita. Miti ilikufa bonde zima bila kuitiwa hata kikao cha dakika tano.

Mambo yalibadilika mdudu alipokosa heshima akaingia kwenye parachichi za Philbert. Philbert alikuwa mwenyekiti wa kijiji, na parachichi zake zilikuwa zile za kisasa zinazoliwa na Wazungu. Parachichi zake chache tu zilipoanza kutoa utomvu, kengele ya shule ikapigwa, watu wakakusanywa, na Philbert akatangaza kwa sauti ya kutetemeka kwamba misitu yetu ya asili iko hatarini. Watu wengine ndio siku ile walipojua kwamba mwenyekiti wao anapenda misitu.

Akaitwa mtaalamu kutoka Mbeya, binti mmoja aliyeitwa Evarista, mwembamba, mwenye buti zilizoonekana kumzidi umri. Alibandua gome la msaula akawaonyesha vijia vyeusi ndani ya mbao. Akaeleza kwamba mdudu huyu ni mgeni, ametoka mbali, ni mdogo kuliko punje ya ufuta, na wala hali mbao. Yeye ni mkulima. Jike huja na mbegu ya kuvu mdomoni, hutoboa mti, huipanda ile kuvu ndani na kuwalisha watoto wake. Kuvu ikishamea huziba njia za maji za mti, na mti hufa kwa kiu umesimama kwenye udongo wenye maji. Watu walisikiliza kwa makini, kwa sababu mkulima anayevuna bila mbolea ya ruzuku si jambo la kawaida.

Kosa la Evarista lilikuwa neno moja. Mzee mmoja aliuliza ni mdudu wa aina gani hasa, naye kwa kutaka kuwarahisishia akajibu kwamba ni jamaa wa mbali wa dumuzi. Mkutano mzima ukashusha pumzi. Dumuzi walimjua. Dumuzi ndiye aliyewamalizia mahindi ghalani tangu enzi za mama zao, ndiye waliyempa jina la Skania kwa jinsi anavyosaga, na dumuzi dawa yake ipo, inauzwa kwenye kopo. Yote aliyoyasema binti baada ya neno lile yalipita juu kama ndege ya kwenda uwanja wa Songwe.

Kesho yake duka la pembejeo la Taher kule Mafinga lilijaa. Taher, ambaye ameuza dawa kwa watu wale tangu akiwa anamsaidia baba yake, aliwauliza wanataka kuhifadhi mahindi gani mwezi huo ghala zikiwa tupu. Wakamwambia ni ya miti. Taher akawaambia wazi kwamba ile ni dawa ya kuchanganya na mahindi, na mdudu aliye ndani ya mbao hatapatwa na unga uliopakwa nje ya gome. Watu wakakonyezana. Mfanyabiashara anayekataa kuuza ana lake jambo, lazima anaficha mzigo apandishe bei. Wakanunua makopo yake yote. Wakarudi wakaipaka misaula unga mweupe kutoka mizizini hadi mkono ulipofikia, bonde likapendeza kama kanisa siku ya Kipaimara, na mdudu ndani akaendelea na kilimo chake bila kujua kwamba amekufa.

Evarista aliporudi alikaa juu ya kisiki akatazama ule weupe kwa muda mrefu. Kisha akaanza upya, safari hii bila kutaja ndugu wa mtu yeyote. Mti ulioshikwa sana, alisema, hauponi. Ukatwe, uchanjwe vipande vidogo, uchomwe palepale ulipoangukia. Asiyetaka kuchoma avirundike vipande, avifunike kwa nailoni nyeupe, aizibe kingo kwa udongo, jua lipike kila kilichomo. Sehemu za joto huchukua wiki kadhaa. Sehemu za baridi kama hapa, miezi, na asiwepo wa kufunua kabla yeye hajaja kukagua. Na juu ya yote, kuni zisitoke zilipokatwa.

"Huyu mdudu hana mbawa za safari ndefu," aliwaambia. "Safari ndefu mnampeleka nyinyi."

Faustina akanyoosha mkono akauliza kama na kuni za msiba zimo. Evarista akajibu kwamba hizo hasa. Wanawake wakaguna. Ilikuwa sawa na kuwaambia waende kanisani bila nguo. Faustina naye alikuwa anaguna, tena kwa sauti kuliko wote, mpaka Philbert alipotangaza kwamba inaundwa kamati ya kudhibiti mdudu na kwamba wanapendekeza mama mwenye sauti yake awe mwenyekiti. Hapo Faustina akaiona hekima ya sayansi. Alisimama akasema kwamba umefika wakati wa kuacha mila potofu.

Kamati ikaweka kizuizi njia ya kuingia kijijini. Gogo la kizuizi lilikatwa kwenye msaula uliokauka karibu na hapo, limejaa vitobo, likawekwa kuzuia vitobo visitoke kijijini. Evarista alipoliona aliomba kiberiti. Likachomwa, likaletwa bomba la chuma, na Faustina akawa anasimama pale na khanga yake kiunoni akipekua mizigo ya watu. Siku aliyomkamata Jailos, kijana wa bodaboda, na kuni nyuma ya pikipiki, alimhubiria mpaka kuni zenyewe zikaona haya. Jailos kwa adhabu alifanywa mlinzi wa kizuizi, kwa maelezo kwamba mhalifu anazijua njia zote.

Na tumtendee haki: kwa upande wa miti yake Faustina alitii. Msaula uliokuwa nyuma ya jiko lake, aliouacha usimame tangu akiwa bibi harusi, ulishikwa. Aliukata huku akilia. Aliuchanja, akaurundika, akaufunika kwa nailoni, akaziba kingo kwa udongo kama alivyofundishwa. Ulikuwa mwezi wa Juni. Jua la Juni huko juu ni kama mgeni wa heshima, halikai, linapita kusalimia tu na kuaga. Kila asubuhi alichungulia nailoni ikiwa imejaa ukungu, akasema moyoni kwamba mambo yanaiva.

Hayajaiva, simu ikalia. Alikuwa Damari. Bibi Tusajigwe alikuwa ameanguka bafuni, na kufikishwa hospitali tayari alikuwa ameshaondoka. Faustina alikaa chini. Walilia wote wawili, kila mmoja upande wake wa simu. Kisha Damari akapunguza sauti, kama mtu anayezungukwa na masikio. Akasema kwamba ndugu wa mumewe wameanza maneno, eti yeye ndiye aliyemroga mama yao akatae kuuza kiwanja.

"Mama, usije mikono mitupu," alisema Damari. "Wanakungoja wewe, waone mimi nimetoka kwa watu gani."

Mtu mwingine angepeleka mchele, au mbuzi. Faustina hakuwaza mbuzi hata kidogo. Aliziona zile kuni za pikapu uwanjani kwake, siku ya Aroni, akaona sura ya mkwe wake akisema msivitazame, na miguu yake ikampeleka yenyewe nyuma ya jiko. Zimeshapata jua, alijiambia. Jua lote hilo. Mwanamke aliyechemsha maharage maisha yake yote alijua vizuri kabisa kwamba kilichopata moto si lazima kiwe kimeiva, lakini ujuzi huo aliuacha jikoni. Alifunua nailoni. Alichagua vipande vizuri kuliko vyote, akavitia kwenye viroba, akavishona midomo.

Kwenye kizuizi Jailos aliuliza viroba vina nini. Mwenyekiti wa kamati akamjibu kwamba ni mambo ya msiba. Jailos akainua bomba la chuma akampa pole. Mganga hajigangi, walisema wazee, nao hawakumwona mganga anayejiruhusu kupita mwenyewe. Kwenye basi kondakta alipovipima uzito viroba alitaka kujua kama Mbeya kuni zimekwisha. Faustina akamwambia kwamba zipo, ila si zake.

Uyole alipokelewa vizuri. Alifungua viroba mbele ya watu, akazifunga kuni upya kwa kamba, akajitwisha hatua zile chache kutoka barabarani hadi uwanjani, na akazitua chini ya mkuyu, mahali palipokuwa na banda la Damari. Ule mlio ulitoka kama anavyoujua. Wanawake waligeuka wote. Shangazi wa marehemu alizishika ncha, akaona zilivyolingana, akashukuru kwa Kinyakyusa, ndaga fijo, ndaga fijo, na Damari, ambaye alikuwa amenyauka kwa maneno ya watu, akainua kichwa kwa mara ya kwanza. Faustina alikamilisha kama desturi inavyodai: ni vijiti tu, msivitazame.

Alikuwa ameshinda. Ushindi wake ulidumu mpaka alipouliza jikoni ni wapi. Jiko halikuwapo. Familia ilikuwa imekodi watu wa mjini wenye sare, masufuria yanayong'aa na mitungi ya gesi mirefu kama watoto wa darasa la saba. Wali ulikuwa unaiva bila moshi. Hapakuwa na jiwe hata moja la mafiga.

Kuni zile zingewaka siku ile, hadithi ingeishia hapo, na mdudu angeishia hapo naye. Lakini Baba Mdogo wa Andendekisye, mdogo wa mume wa marehemu na msemaji wa ukoo, alikuwa mtu mwenye heshima zake. Alisimama akawaambia waombolezaji kwamba mama huyu ametoka Iringa na kuni kwa ajili ya mkwe wake, na kuni kama hizi haziwezi kuwashwa ovyo kupasha maji ya kuogea. Zitakaa hapahapa, chini ya mti alioupenda marehemu, mpaka siku ya arobaini, ndipo ukoo uzipikie. Watu wakapiga makofi ya pole pole ya msibani. Faustina akainama kushukuru, na alipoinama aliona kwenye ncha ya kigogo kimoja unga mweupe, umechuruzika kidogo, unaangukia kwenye mizizi ya mkuyu.

Sasa mwanamke huyu aliyepekua mizigo ya kijiji kizima akaanza kutafuta njia ya kuzichoma kuni zake bila mtu kujua kwa nini. Alilalamika baridi, akaomba wazee wawashiwe moto. Andendekisye, mkwe mwema, akamletea jiko la mkaa na blanketi. Akasema anapenda kumpikia marehemu ugali kwa mkono wake, kama ishara. Watu wenye sare wakamwonyesha kiberiti cha gesi. Wakati wa mazishi wote walienda makaburini, na huko Faustina alisimama kando ya shimo akitupa udongo, macho yakiwa kaburini, roho ikiwa chini ya mkuyu. Hata dua hakusikia.

Waliporudi alikwenda moja kwa moja kwenye mzigo. Kulikuwa na jua. Juu ya gome la kigogo cha juu kabisa kidude cheusi kilikuwa kinatembea taratibu, kidogo kuliko punje ya ufuta, kinaelekea upande wa mti. Alikibana kwa kidole. Akajua hakiko peke yake, akajua pia kwamba akipanda basi kesho na kunyamaza, hakuna mtu duniani atakayemshuku. Mkuyu utakauka polepole, mwakani au mwaka wa pili. Ndugu watasema marehemu amekasirika, au watasema Damari. Mwenye kituo cha mafuta atarudi na mkoba wake.

Akamwendea Baba Mdogo, akamwambia kwa sauti ya kutosha watu kusikia:

"Baba, kuni zangu hizi ni mbovu. Zina wadudu. Naomba zichomwe leo leo."

Baba Mdogo alimtazama kwa macho ya kuloa. Kisha akawageukia wenzake akawaambia wamsikilize mtu mwenye malezi: ametwishwa sifa zote hizi, bado anakidharau kitu chake. Wakatingisha vichwa. Shangazi akasema mtoto wa mtu kama huyu hawezi kuwa mtu mbaya. Faustina akarudia kwamba ni mbovu kweli, hazifai. Wakamsifu zaidi. Kadiri alivyozitukana kuni zake ndivyo zilivyopanda cheo, mpaka kijana mmoja akatumwa akalete turubai zifunikwe umande usizidhuru.

Ikambidi aseme kama watu wasivyosema. Akasema kwamba haongei kwa adabu, anaongea kweli; kwamba ameleta kitu kibaya, na kitu hicho kikikaa hapa kitaua ule mti.

Msibani kuna lugha mbili tu, ya adabu na ya uchawi, na anayetoka kwenye ya kwanza huangukia ya pili. Faustina aliyaona macho yakibadilika moja baada ya jingine. Alijaribu kueleza habari ya kuvu, ya vitobo, ya kamati, na kila alivyoeleza ndivyo alivyozidi kuonekana mtu anayekijua sana kitu kinachoua. Shangazi aliyezishika zile ncha alikuwa anafuta mikono yake kwenye nguo.

Basi akaacha kueleza. Akainama, akajitwisha mzigo wake, akaanza kuutoa. Kutoa kitu ulichokileta msibani hakuna jina. Hata matusi hayajalipatia jambo hilo neno. Wanawake wakaanza kupiga mayowe ya kilio, na Damari akamkimbilia, akamshika mkono kwa nguvu.

"Mama, ukizitoa hizi, mimi nitaishije na watu hawa?"

Faustina alitaka kumwambia mengi. Alitaka kumwomba radhi hapohapo, kwa magoti. Lakini mzigo ulikuwa mzito na vumbi lilikuwa linamwagika njiani, kwa hiyo alisema moja tu.

"Utaishi kivulini," alisema, akapita.

Alizichomea kwenye shimo la taka mbali na mkuyu, kwa mabua ya mahindi na kiberiti cha dukani. Zikawaka kama zilivyokuwa zikisifiwa siku zote, moto wa taratibu, mkali, bila kelele. Kisha akarudi, watu wakimpisha kama wanavyompisha mwendawazimu, akapiga magoti kwenye mizizi, akaufagia unga wote kwa viganja hadi ndani ya khanga yake, doti mpya ya msiba ule ule. Akaichoma na khanga. Alimpigia Evarista simu akasimama palepale mbele ya moto akigombezwa na binti wa umri wa mwanawe, akiitikia ndiyo, mwanangu, ndiyo, mwanangu. Evarista akamwambia shina likaguliwe kila wiki, kitobo kimoja kikionekana aitwe siku hiyo hiyo, na kwamba hata hivyo hawezi kumwahidi kitu.

Andendekisye alimsindikiza hadi stendi. Alitembea hatua kadhaa mbele yake, na begi alibeba Faustina mwenyewe.

Kijijini aliitisha kamati akaeleza alichokifanya, akaomba wamwondoe. Kamati ikajadili kwa uchungu, ikakuta hakuna mwingine mwenye sauti, ikambakisha. Siku hizi Jailos humpekua hata akibeba mchicha, na yeye husimama kimya akipekuliwa. Jumuiya imeamua kwamba kila mzigo wa kuni za msiba ukatwe na kuchomwa kwenye kitongoji cha mfiwa mwenyewe. Wanawake sasa hushindana kwa maharage.

Damari hakupiga simu. Wiki zikapita. Arobaini ilifika Faustina akiwa nyumbani, hakualikwa, akashinda anachambua kunde zilizokwisha kuchambuliwa. Jioni simu ikalia.

Damari alieleza kwa sauti kavu, kama anayesoma matangazo ya kanisani. Ukoo mzima ulikuja. Baba Mdogo aliwashukuru wote kwa majina: aliyeleta ndizi, aliyeleta mchele, waliokopesha viti, hata wenye gesi ya kukodi. Mkwe wa Iringa hakutajwa. Alipofika mahali pa kumtaja, Baba Mdogo alikohoa, akaendelea na mwingine.

"Walikaa wapi?" aliuliza Faustina.

"Chini ya mkuyu. Wote. Jua lilikuwa kali."

"Umelitazama shina?"

"Kila asubuhi, Mama. Natazama kabla sijabandika chai. Mpaka leo hakuna kitu."

Damari akasema kwamba ana wateja, akakata. Faustina aliweka simu juu ya kunde. Ndipo akamlilia Tusajigwe, maana msibani hakuwa amepata nafasi.